Simu yako kuwa kioo cha moduli: maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga

Mi nipo Ngamiani, fundi simu, na siku hizi nafunga pia vile vikompyuta vidogo vya kwenye matenki ya maji, mafriza ya samaki na mashine za kutotolesha vifaranga. Watu wanakuja na maswali yaleyale, wengine wananipigia saa nne usiku, kwaiyo nimeyaandika hapa niwe natuma linki tu nilale.

Fundi, hiyo moduli ndo nini, na simu inaingilia wapi?

Moduli ni kompyuta kamili iliyobanwa kwenye kibao kidogo, nyingine haizidi kidole gumba. Ina ubongo, ina kumbukumbu, ina pini za kuchomeka sensa (kipima joto, kipima maji na kadhalika) na relei (swichi ya umeme inayowashwa na moduli), ila haina kioo, haina kibodi, haina chochote cha kuongea na mtu. Ndani ya mashine ya kufulia ipo, ndani ya mita ya luku ipo, hujawahi kuiona na wala haikusumbui. Shida inaanza pale unapotaka kujua yenyewe inaona nini, tenki limebaki nusu au robo, friza lipo nyuzi ngapi. Hapo lazima uipe kioo, na kioo unacho mfukoni, cha rangi, cha tachi, kina spika na betri yake, tena ushakilipia zamani.

Si ninunue tu kale kakioo kadogo nikafunge hapohapo?

Nunua, sikukatazi. Kuna ile LCD ya mistari miwili, kila mstari herufi 16, na kuna OLED ya inchi 0.96 yenye nukta 128 kwa 64. Kama unataka kila anayepita asome namba moja bila kugusa kitu, kioo cha kufunga ndo sahihi, mi mwenyewe friza la mteja wangu mmoja wa Sahare nimelifungia OLED ya nje. Ila ukitaka grafu ya usiku mzima, au vitufe vya kubadilisha joto, au maandishi ya Kiswahili yaliyonyooka sio "JOTO:4C MLNG WAZI", herufi 32 hazikutoshi. Alafu sisi tupo pwani, hewa ya chumvi inakula pini za kioo kilichofungwa nje, miezi michache unaona mistari inapotea. Simu unaingia nayo ndani.

(LCD ikiwaka taa lakini haiandiki kitu, kabla hujanipigia zungusha kale kaskrubu ka bluu nyuma, halafu kwenye kodi (yale maagizo unayoiandikia moduli) jaribu anwani 0x27, ikikataa jaribu 0x3F. Nusu ya "LCD mbovu" ninazoletewa ni hivyo tu.)

Nianze na moduli gani?

ESP32. Inatengenezwa na Espressif wa Shanghai, ilitoka 2016, ina waifai na Bluetooth humohumo ndani, na mafunzo yake yamejaa kila kona. Mdogo wake wa zamani ESP8266 ana waifai tu, hana Bluetooth, ila kwa kazi ya ukurasa wa simu anatosha kabisa. Arduino Uno ile ya kawaida haina Bluetooth wala waifai ya kuongea na simu hewani, lazima uinunulie Bluetooth ya pembeni kama HC-05, mwisho wa siku unatumia hela nyingi kupata kitu kidogo. Raspberry Pi Pico W ya 2022 nayo nzuri.

Angalia tu usichanganye majina. ESP32-S2 haina Bluetooth kabisa, na C3 na S3 zina ile Bluetooth ya kutumia umeme kidogo peke yake, hazina ile ya zamani. Mtu ananunua S3 kwa vile ni mpya, anafungua kodi ya Bluetooth ya kizamani, inakataa, anasema kauziwa feki. Sio feki, umechukua ndugu yake.

Simu na moduli zinaunganishwaje?

Njia tatu: waya, Bluetooth, waifai. Waya hauna longolongo lakini simu inafungwa kamba kama mbuzi. Bluetooth inafaa kwa kitu cha mkononi, unasimama karibu unasoma unaondoka. Waifai ndo ninayofunga kwa wateja karibu wote, kwa sababu simu yoyote yenye brauza inaingia bila kupakua kitu.

Waifai! Mi nyumbani sina waifai, na bando lenyewe nanunua la siku.

Hili ndo swali linaloongoza, na hapa watu wengi wanakata tamaa bure. Bando halihitajiki, rauta haihitajiki, hata laini kwenye simu haihitajiki. ESP32 inaweza kurusha waifai yake yenyewe, unaipa jina, tuseme TENKI, unaiwekea pasiwedi, simu yako inaiona kwenye orodha kama inavyoona waifai ya hoteli. Ukishaingia unafungua brauza unaandika 192.168.4.1 na ukurasa unatokea. Huo ukurasa haujatoka intaneti, umetoka ndani ya kale kamoduli, umehifadhiwa kwenye fleshi yake (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) ambayo kwa ESP32 nyingi ni MB 4, na ukurasa wenyewe haufiki hata asilimia moja ya hapo.

Kinachofanyika ni kwamba simu inachukua ukurasa mara moja tu, halafu kila sekunde mbili inauliza "namba ngapi sa hivi?", moduli inajibu kijumbe kifupi, ukurasa unabadilisha namba bila kujifungua upya. Wanaoanza huwa wanaufanya ukurasa wote ujirifreshi kila sekunde, unapepesa macho mpaka kichwa kinauma na moduli inachoka. Ukitaka haraka zaidi ya hapo kuna websoketi, mlango unabaki wazi na moduli yenyewe inatuma kitu kikibadilika, ila kwa tenki la maji websoketi ni kuvaa suti kwenda kuoga baharini.

Simu inakonekti vizuri, dakika moja inajitoa. Moduli mbovu?

Moduli nzima, simu ndo ina tabia. Sisi wa Tanga tuna msemo wa wageni, waja leo waondoka leo, na simu yako nayo ndo inavyofanya: inaingia kwenye waifai ya moduli, inachungulia intaneti, haioni, inasema hapa hamna maisha, inarudi kwenye data. Au haitoki, lakini maombi yako inayapeleka kwenye data, kwaiyo 192.168.4.1 haifunguki na kialama cha waifai unakiona kabisa pale juu.

Dawa: zima data kabla ya kufungua ukurasa. Ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti kubali, na kama kuna kisanduku cha kusema usiniulize tena weka tiki. Andika http:// mbele ya ile anwani maana brauza za siku hizi zinapenda kukimbilia https na moduli haina hiyo. Na usiandike kwenye kisanduku cha kutafutia, andika kule juu kwenye anwani. Nimecheka lakini nimemfuata mteja mpaka Pongwe kwa ajili ya hilo.

Nina iPhone, itakubali?

Waifai na ukurasa, ndiyo, bila shida. HC-05 na ndugu yake HC-06, hapana, hata ufanye dua, Apple hawaruhusu ile Bluetooth ya zamani kuongea na kifaa ambacho hakijapitishwa nao. Bluetooth ya umeme kidogo inakubali lakini kupitia apu, sio kupitia Safari. Ndo maana nyumba yenye simu mchanganyiko, baba Android, binti iPhone, nawafungia ukurasa tu yanaisha.

Apu ama ukurasa, kipi bora?

Nshasema, ukurasa. Apu ukitengeneza lazima uisambaze, uifanyie apdeti, Android mpya ikitoka inagoma. Ukiegemea huduma ya mtu ndo kabisa: Blynk ile ya zamani ilifungwa mwishoni mwa 2022, waliokuwa wamejenga juu yake ikabidi wahamie toleo jipya. Ukurasa uliomo ndani ya moduli hakuna wa kuuzima.

Kwa Bluetooth lakini apu huikwepi. Anayejifunza aanze na MIT App Inventor, unaburuta vipande kama mchezo wa watoto, bure, na kitufe chako cha kwanza unakipata siku hiyohiyo. Kwa kusoma namba tu pakua apu ya kuonyesha maandishi ya Bluetooth, zipo nyingi, hata kodi huandiki. Kwa HC-05 pini ya kuunganisha kwa kawaida ni 1234.

Grafu ilikuwa inatoka nyumbani, nimefika kwenye tenki haitoki.

Grafu yako inachukua maktaba ya JavaScript (faili la kodi ya kuchorea ndani ya ukurasa) kutoka intaneti. Nyumbani ulikuwa na data, kwenye waifai ya TENKI hamna. Pakua lile faili uliweke ndani ya fleshi ya moduli, hapo itatoka hata katikati ya bahari.

Na saa je? Bila intaneti moduli itajuaje ni saa ngapi?

Haijui. Ikizimika ikiwaka inaanza kuhesabu sifuri. Unaweza kununua moduli ya saa yenye kibetri, ila kuna ujanja ninaoupenda: simu inajua saa, kwaiyo kila mtu anapofungua ukurasa, mstari mmoja wa JavaScript unaitumia moduli saa ya simu. Kioo kinakuwa saa pia. Umeme ukikatika na hajaja mtu, rekodi zinaandikwa bila saa mpaka wa kwanza afungue, na kwa friza la samaki sio mbaya. Kama hukubali hilo, nunua ya kibetri.

Simu ikizima, ikapigiwa, au mtu akaondoka nayo, mashine inasimama?

Ukifunga vizuri haitetereki. Ukifunga vibaya unapoteza mali, na mi nilipoteza, ngoja niseme.

Mashine yangu ya kwanza ya vifaranga niliifanya kinyumenyume. Moduli ilikuwa inasoma joto na kulituma kwa Bluetooth, apu kwenye simu ndo ilikuwa inaamua: likishuka chini ya 37.5 tuma "washa balbu", likizidi tuma "zima". Ikafanya kazi vizuri kabisa, nikawa nawaonyesha watu. Simu yenyewe ilikuwa ya mke wangu. Siku ya 16 akatoka nayo kwenda sokoni Mgandini, na alivyovuka mlango tu balbu ilikuwa ndo imewashwa. Hakuna wa kuiambia izime. Narudi mchana mashine ipo nyuzi 46, mayai 48 yote yameenda, na nyumba nzima inanukia kama mtu kachemsha. Mama watoto hakusema kitu, aliniangalia tu, na mayai alikuwa kanunua yeye.

Tangu siku hiyo kila ninachofunga kina mpaka: simu inaangalia na kuagiza, moduli inaamua. Joto linasomwa na moduli, balbu inazimwa na moduli, simu iwepo isiwepo. Unachoruhusu simu kufanya ni kubadilisha kiwango, unaandika 37.7 unabonyeza hifadhi, moduli inakagua kwanza kama namba ina akili (mtu akikosea akaandika 377 ikatae), halafu inaiandika kwenye fleshi ili umeme ukikatika ikirudi iendelee na ileile. Jaribio langu kabla ya kukabidhi ni dogo: naizima simu kabisa, naiweka mezani, namwambia mteja tunywe chai. Mashine ikipepesuka, narudi nayo.

Na hapohapo kwenye vifaranga, sensa ya DHT11 usinunue. Inaruhusiwa kukosea nyuzi 2, na kwa yai nyuzi 2 ni uhai na kifo. DHT22 inakosea kama nusu. Inayozamishwa kwenye maji au barafu ni DS18B20 ya waya, hiyo nayo nusu nyuzi, usisahau rezista ya kilo-ohmu 4.7 kati ya data na umeme.

Nina simu iliyopasuka kioo, naweza kuifunga ukutani iwe kioo cha kudumu?

Hapa umekuja kwa mwenyewe. Ndiyo, na simu ya zamani ambayo WhatsApp imeikataa inafungua ukurasa wa moduli vizuri tu, almradi hukuuandika kwa mbwembwe mpya za JavaScript. Ili isizime kioo, nenda kwenye setingi, kuhusu simu, bonyeza namba ya toleo mara saba, menyu ya wasanidi inafunguka, humo kuna chaguo la kubaki macho wakati inachaji. Usihangaike na kodi ya kuzuia kioo kulala kutoka ndani ya ukurasa, brauza inairuhusu kwenye https tu.

Shida kubwa ni betri. Simu iliyochomekwa usiku na mchana kwenye joto letu la Tanga inavimba, nimetoa betri zilizonyanyua kioo kama maandazi. Tumia chaja yenye swichi ya muda, ichaji masaa machache ipumzike, punguza mwanga, usiifunge kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ukiona mgongo umeanza kunyanyuka toa, usiibonyeze, usiitoboe.

Nimechomeka kwa waya wa OTG (ule wa kuchomeka kifaa cha USB kwenye simu), simu haioni kitu.

Kwanza waya. Waya nyingi za dukani ni za kuchaji tu, ndani hazina nyuzi za data, jaribu na ule unaohamishia picha. Pili, simu iwe na OTG, nyingi zinayo lakini kuna ambazo unaiwasha kwenye setingi na inajizima baada ya dakika kadhaa. Tatu, apu iwe inaijua chipu ya USB iliyoko kwenye bodi, ni CH340 au CP2102 mara nyingi. Ukiona maandishi yanatoka kama kichina cha uongo, spidi hazilingani, ESP32 inaanza na 115200, Arduino wengi wanaandika 9600. Na ukiona moduli inawaka inazima inawaka, ujue waifai ikirusha inavuta zaidi ya miliampia 200 kwa mkupuo na umeme wa simu umeshindwa, ipe chaja yake.

Sensa ilikuwa inasoma, nimewasha waifai imekuwa chizi.

Kama ni sensa ya analogi kwenye ESP32 ya kawaida, umechomeka pini ambayo waifai inaitumia. Hamia pini 32 mpaka 39.

Sensa ya volti 5 naichomeka moja kwa moja?

Usithubutu. Pini za ESP32 ni volti 3.3. HC-SR04, sensa ya kupima umbali ile ya macho mawili, inarudisha volti 5, weka rezista mbili za kugawa, kilo-ohmu 1 na kilo-ohmu 2. Kwa tenki mi natumia ile isiyoingia maji, JSN-SR04T, na hiyo haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 20 hivi, kwaiyo usiifunge usawa wa maji yanapojaa, inyanyue. La sivyo tenki likijaa kioo kinakuambia namba za ajabu.

Inafika umbali gani?

Bluetooth hesabu mita 10. Waifai uwanjani inaenda mbali, ndani ya nyumba inategemea kuta. Usiweke moduli nyuma ya tenki, maji yanameza mawimbi, wala ndani ya boksi la bati.

Jirani hatoingia akanizimia pampu?

Pasiwedi iwe herufi 8 kwenda juu, ikipungua ESP32 inaikataa, sio ulegevu wangu. Usiweke 12345678, kila fundi anaijua. Na kawaida inapokea simu 4 kwa mkupuo, watoto wakijaa humo baba hatoingia.

Nina Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya kuchomekwa monita) sina monita, nachomeka HDMI kwenye simu?

Haiendi hivyo, tundu la simu linatoa picha, halipokei. Zipo njia mbili. Ya kwanza haina waya: washa VNC kwenye Pi, simu na Pi ziwe mtandao mmoja, hotspoti ya simu inatosha, unaiona deski yote kwenye kioo, herufi ndogo kama dawa ya chawa lakini unafanya kazi. Anayejua kuandika amri atumie SSH, ni nyepesi zaidi. Ya pili, nunua kile kidude cha kunasa HDMI kinachotoka USB, simu inakiona kama kamera ya nje, unafungua apu ya kamera ya USB. Hii inakuokoa Pi ikigoma kuwaka, maana VNC haiwezi kukuonyesha kosa lililotokea kabla haijaamka.

Nikiwa Dar nataka kuona tenki la Tanga.

Hapo ndo bando linaingia, moduli lazima ipate intaneti na ujumbe upite kwa seva ya kati. Kama shida yako ni taarifa tu, moduli ya laini kama SIM800L inatuma meseji, na meseji inafika hata kwenye kitochi. Ipe umeme wake wa kutosha, inavuta mpaka ampia 2 kwa mkupuo.

Pampu naiunganisha mwenyewe?

Upande wa volti 3.3 cheza unavyotaka. Upande wa 230 mwite fundi umeme.

Nikija dukani nije na nini?

Njoo na simu utakayotumia, sio ya kuazima, na pasiwedi yake uwe unaikumbuka. Kama ni tenki, shusha kamba mpaka chini, ipime kwa futi uandike sentimita. "Kama mita mbili hivi" nshaifungia kodi mara mbili, na mara zote mbili nimepanda tena juu ya bati saa saba mchana.